KUZUIA DAMU KABLA HAIJAMWAGIKA

Ijulikane ya kwamba hapana mji usiokuwa na kaburi la mtu aliyekufa kwa mkono wa mwenziwe. Na aghlabu ya watu, maiti akisha kuzikwa, husema: "Yalikwisha andikwa." Neno hili ni haki katika mahali pake, lakini si hoja ya kukaa kitako. Mwenye kuamini kadari hunywa dawa akiugua, na nahodha mwenye kuamini kadari hatii nanga mwambani. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu. Na tauni ikiwa katika nchi, aliwakataza walio nje wasiingie, na walio ndani wasitoke kuikimbia. Basi kumtegemea Mungu hakukumzuia mtu kuziba njia ya maradhi.

Makusudio ya somo hili ni kuonyesha ya kuwa umwagaji wa damu nao una njia zake kama maradhi yalivyo na njia zake. Na ya kuwa watu walioziandama njia hizo kwa hesabu na subira wameokoa roho nyingi. Tena ni kuonyesha ya kuwa dawa yake ni mbili, wala moja haifai pasipo mwenziwe.

1. BOMBA NA MIFEREJI

Mwaka wa 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho katika mji wa London, kikaua watu zaidi ya 600. Waganga wengi wa zama zile walidhani maradhi hayo yanaletwa na hewa yenye uvundo. Tabibu mmoja, jina lake John Snow, hakuridhika na dhana. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani aliyekufa, na maji yake alikuwa akiyateka wapi; na kila aliyekufa akamtilia alama katika ramani. Alama zile zikasongamana kulizunguka bomba moja lililokuwa katika njia ya Broad Street. Akawaendea wakuu wa mtaa na hesabu yake mkononi, na tarehe 8 Septemba mkono wa bomba ukaondolewa ili watu wasiweze kuteka maji yale.

Kwa insafu ni lazima isemwe ya kuwa siku ile maradhi yalikuwa yamekwisha anza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameuhama mtaa; na Snow mwenyewe alilikiri jambo hilo. Lakini elimu aliyoiacha haikupungua: ya kuwa maradhi yana mahali pake na wakati wake, na mwenye kupajua mahali hapo aweza kuwahi.

Hata hivyo mkono wa bomba peke yake haukuuponya mji. Uchafu wa watu wote ulikuwa ukimiminika katika mto wa Thames, na wengi wakiyanywa maji ya mto huo huo. Basi kuanzia mwaka wa 1859 mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa ya chini kwa chini kuuondoa uchafu mjini. Mwaka wa 1866 kipindupindu kikarudi. Na msomaji na azingatie ni wapi kilipopiga: kilipiga mashariki ya mji, penye mafakiri, ambako mifereji ilikuwa bado haijakamilika. Waliokwisha jengewa walisalimika. Waliokuwa wakingoja zamu yao walikufa kwa maelfu.

Watu wa mwambao nao walikijua kipindupindu. Mwaka wa 1869 na 1870 kiliingia Unguja, na tabibu James Christie aliyekuwa akikaa huko alitoa kitabu mwaka wa 1876, akaeleza namna maradhi yalivyoifuata njia ya misafara ya bara na vyombo vya pwani. Kila palipokwenda biashara, ugonjwa nao ulikwenda.

Basi misali hii miwili na ishikwe mpaka mwisho wa somo. Mkono wa bomba ni kuzuia shari leo, kabla ya jua kuchwa. Mifereji ni haki iwafikiayo watu wote, ili shari isizaliwe tena kesho.

2. JEURI INAVYOAMBUKIZA

Katika miaka ya 1980 tabibu wa Kimarekani, Gary Slutkin, alikuwa katika nchi ya Somalia, akiwatibu wakimbizi kifua kikuu na kipindupindu makambini mwao. Baadaye alifanya kazi katika Shirika la Afya Duniani juu ya ukimwi, katika Uganda na nchi nyingine za Afrika. Mwaka wa 1995 alirejea kwao Chicago, akakuta vijana wanauana kwa bastola. Alipotazama ramani za mauaji yale, aliona sura aliyoizoea: alama zimesongamana mahali pamoja, kisha zinatambaa mtaa wa jirani, kama zile za kipindupindu. Akajiuliza: je, ikiwa jambo hili laenda kama maradhi, kwa nini lisizuiwe kama maradhi yazuiliwavyo?

Wala hakuwa peke yake katika fikira hiyo. Mwaka wa 1996 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikata shauri ya kuwa jeuri ni jambo la afya ya umma, na mwaka wa 2002 shirika hilo likatoa kitabu kikubwa juu yake.

Na huambukiza kwa njia zilizo wazi. Ya kwanza ni kisasi: auawapo mtu mmoja, ndugu zake hujiona wana deni, na akisha uawa wa upande wa pili, deni huhama lakini haliishi. Ya pili ni mazoea: mtoto aonaye kila siku ugomvi ukimalizwa kwa kisu, kisu huwa ndio lugha yake. Ya tatu ni khofu: kijana achukuaye panga kwa kuogopa mwenye panga, naye huwa ni mwenye panga wa kuogopwa. Ya nne ni maneno; kwani kuna moto usiohitaji kuni nyingi, neno moja huutosha.

Habari za njia hizi si ngeni kwa msomaji wa sira. Aus na Khazraj walikuwa ndugu wa mji mmoja, nao walikatana kwa miaka mingi, na vita vyao vya Buath vilipiganwa miaka michache tu kabla ya Hijra. Uislamu ulipowaunganisha, walikaa siku moja pamoja kwa mapenzi. Akatumwa kijana kwenda kuwakumbusha siku ya Buath na kuwasomea mashairi yaliyotungwa kwa vita vile. Kwa maneno matupu tu watu wazima wakatukanana, wakaitana silaha, wakaagana mahali pa kupigana. Mtume alipopata khabari hakungoja wapigane kisha ahukumu. Alitoka mwenyewe pamoja na sahaba zake, akasimama kati yao, akawakumbusha, wakalia, wakakumbatiana. Damu iliyokuwa imwagike siku ile haikumwagika, kwa sababu alikuwapo mtu aliyewahi.

3. KAZI YA WAZUIZI

Mwaka wa 2000 Slutkin na wenzake walianza kazi katika mtaa wa West Garfield Park, uliokuwa katika mitaa ya khatari kabisa ya Chicago. Kazi yao ilikuwa na sehemu tatu, na kila moja ni desturi ya matabibu.

Ya kwanza ni kuukata ugomvi ungali mbichi. Waliajiri watu wa mtaa ule ule, na wengi wao walikuwa wamepata kuwa katika magenge, na wamefungwa gerezani, kisha wakaacha. Mtu wa serikali aingiapo, milango hufungwa. Lakini hawa walijua nani amemtukana nani, na nani anatafuta bastola. Kijana akipigwa risasi, mzuizi alikwenda hospitalini usiku ule ule, akakaa na ndugu na marafiki walio katika ghadhabu. Hakuwahutubia. Aliwasikiliza, akamtaja mama wa majeruhi, akawataja watoto wao, akawasimulia miaka yake mwenyewe ya kifungo, na zaidi ya yote akawachelewesha. Kwani ghadhabu ni kama homa: ina saa yake ya kupanda, na akiivuka mtu saa ile hurudi akilini.

Ya pili ni kuwatafuta wachache walio karibu kabisa na kuua au kuuawa, na kila mmoja kutafutiwa lake: huyu kazi, huyu skuli, huyu tiba ya ulevi. Haiwezekani kumfuata kila kijana wa mji, wala hapana haja. Wenye kueneza maradhi huwa wachache.

Ya tatu ni kugeuza mazoea. Kila alipopigwa mtu risasi, majirani na viongozi wa dini walikusanyika mahali pale pale kutangaza ya kuwa jambo hili si la kawaida wala halikubaliki.

Kwa hesabu ya wenyewe, mapigo ya risasi katika mtaa ule yalipungua kwa kadiri ya thuluthi mbili katika mwaka wa kwanza. Wataalamu wa chuo kikuu cha Northwestern walipokuja kuchunguza mitaa kadha iliyofuata njia hii, waliona kupungua kwa dhahiri katika baadhi yake, na katika mingine hawakuona. Na katika miji mingine ya Marekani matokeo yamekuwa mchanganyiko kama hayo. Tena kazi hii yataka fedha ya kudumu: mwaka wa 2015 fedha ya serikali ya jimbo ilipokatwa, kazi ilisimama katika mitaa mingi ya Chicago, na mwaka wa 2016 mauaji ya mji ule yalipanda yakapita 750, ijapokuwa sababu za kupanda huko zilikuwa nyingi. Dawa isiyomalizwa haimponyi mgonjwa, hata ikiwa ni dawa nzuri.

4. FAIDA YA HESABU

Watu wengi hudhani wanajua kwa nini mji wao una mauaji. Hesabu huwasahihisha.

Katika mji wa Cali, nchi ya Kolombia, watu wote walisema sababu ni biashara ya madawa ya kulevya. Mwaka wa 1992 Rodrigo Guerrero, ambaye ni tabibu mjuzi wa maradhi ya kuenea, alipata kuwa meya wa mji huo. Aliagiza kila mauaji yaandikwe: siku, saa, mahali na silaha. Ikadhihiri ya kuwa mauaji mengi yalitukia mwisho wa juma, siku za sikukuu na siku za mishahara. Sehemu kubwa kwa bunduki, na wengi katika waliouawa walikuwa wamelewa. Basi siku hizo ikapigwa marufuku kuchukua silaha, na nyumba za ulevi zikafungwa mapema. Wataalamu waliolinganisha baadaye waliona ya kuwa siku za marufuku ya silaha mauaji yalikuwa chini kwa asilimia 14 kuliko siku zisizokuwa na marufuku. Muislamu hakuhitaji hesabu ya Cali kujua madhara ya ulevi. Lakini hesabu imemwonyesha ni siku gani na saa gani madhara hayo hugeuka kuwa jeneza.

Katika mji wa Cardiff, nchi ya Wales, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aliona jambo la ajabu: wengi waliokuja kushonwa nyuso zao hospitalini hawakuwa katika daftari za polisi. Waliopigwa waliogopa kusema, au waliona hapana faida. Basi katika chumba cha majeruhi kila mgonjwa akaulizwa mambo machache: umepigwa wapi, saa ngapi, kwa silaha gani. Jina lake halikutolewa. Hesabu ile ikapelekwa kwa polisi na wakuu wa mji, nao wakapanga doria na kuzionya nyumba za ulevi kwa mujibu wake. Ilipolinganishwa na miji 14 iliyofanana nayo, Cardiff ilionekana kuwa imepunguza majeruhi wa kulazwa hospitalini kwa asilimia 42 kuliko ambavyo ingekuwa. Na chombo chenyewe kilikuwa nini? Karatasi, kalamu, na watu waliokubali kukaa meza moja.

5. MJI WA VISU

Katika Uskoti, mji wa Glasgow ulikuwa na sifa mbaya ya visu tangu zama za mababu. Mwaka wa 2004–05 waliuawa katika nchi ile watu zaidi ya 130. Wakubwa wawili wa kazi ya polisi, Karyn McCluskey na John Carnochan, walitazama wakaona ya kuwa askari wamekamata kwa miaka na visu havipungui. Mwaka wa 2005 ikaanzishwa idara khasa ya kupunguza jeuri, iliyosema waziwazi ya kuwa hili ni jambo la afya, na ya kuwa laweza kuzuilika.

Mwaka wa 2008 vijana wa magenge waliitwa katika nyumba ya mahakama, si kwa kushitakiwa, bali kwa kuambiwa. Mkuu wa polisi aliwaambia ya kuwa wanajulikana kila mmoja kwa jina, na ya kuwa atakayeendelea yeye na kundi lake wataandamwa. Akasimama daktari wa upasuaji akawaeleza kisu hufanya nini katika uso wa mtu. Akasimama mama aliyefiwa na mwanawe. Akasimama mtu aliyekuwa kama wao akaacha. Kisha wakapewa nambari ya simu: atakaye kutoka apige, naye atasaidiwa kupata mafunzo, kazi na tiba. Madaktari wakaingia katika skuli kuwafundisha watoto kabla hawajashika kisu.

Sheria haikuachwa nyuma. Mwaka wa 2006 kifungo cha juu cha kubeba kisu kilitolewa katika miaka miwili kikawekwa miaka minne. Lakini pamoja na ukali huo skuli zilipunguza desturi ya kuwafukuza watoto watukutu, kwa kuwa mtoto afukuzwaye darasani hupokewa njiani. Hata ilipofika mwaka wa 2017–18, waliouawa katika Uskoti nzima hawakufika 65. Hapana adili asemaye ya kuwa idara moja ndiyo iliyofanya yote hayo. Lakini mji uliodhaniwa umezaliwa na visu umeonyesha ya kuwa desturi ya mababu yaweza kuachwa.

6. MIFEREJI NI HAKI

Yaliyotajwa mpaka hapa ni ya mkono wa bomba zaidi. Sasa yatazamwe ya mifereji.

Katika Chicago mauaji hayakutawanyika mji mzima; yamekusanyika upande wa magharibi na wa kusini, katika mitaa ya watu weusi walio mafakiri. Na mitaa hiyo haikuwa hivyo kwa bahati. Katika miaka ya 1930 chombo cha serikali ya Marekani kilichora ramani za miji, na mitaa ya watu weusi ikatiwa rangi nyekundu, ishara ya kuwa haifai kukopeshwa. Watu wake wakanyimwa mikopo ya kununua nyumba. Nyumba zikaporomoka, viwanda vikahama, skuli zikadhoofu. Mjukuu wa mtu aliyenyimwa mkopo ndiye kijana aliyeonekana na bastola. Kumlaumu huyu na kuisahau ramani ile ni kumlaumu mgonjwa wa mwaka wa 1866 kwa kuwa hakujijengea mfereji.

Kuna ushahidi mwingine ulio mwepesi kufahamika. Katika mji wa Philadelphia wataalamu walichukua viwanja vitupu 541, vilivyojaa takataka na magugu. Baadhi yake, kwa kura, vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti, vikawekewa ua mfupi wa mbao. Vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2018: katika mitaa ya mafakiri, jeuri ya bunduki ilipungua kwa asilimia 29 karibu na viwanja vilivyotengenezwa. Hakukamatwa mtu wala hakukuhutubiwa mtu. Mahali pa kuficha silaha pamekuwa mahali pa kukaa wazee na watoto, na wenye mtaa wakaona ya kuwa nao ni watu wa kuhudumiwa.

Na mwenye kufungua Msahafu katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 9, ataona mpango huu umetangulia. Waumini wameamrishwa makundi mawili yakipigana wayasuluhishe. Na aliyedhulumu azuiwe mpaka arudi. Na akisha rudi, amri ya sulhu imekaririwa mara ya pili, lakini safari hii imeambatishwa na uadilifu. Sulhu ya kwanza husimamisha mikono. Sulhu ya pili hutazama haki ya nani imeliwa. Wapatanishi wengi huishia kwenye ile ya kwanza: hupeana mikono, husoma fatiha, hula biriani, kisha mwenye kudhulumiwa hurudi nyumbani na dhulma yake. Mwaka hauishi illa ugomvi umerudi.

7. SHAKA NA MAJIBU YAKE

Hwenda akasema msemaji: "Mkiita jeuri maradhi, mmemtoa muuaji katika dhima." Jawabu ni kuwa sivyo. Kadhi ana kazi yake na tabibu ana kazi yake. Kadhi hutazama damu iliyokwisha mwagika, na tabibu hutazama ile ambayo haijamwagika. Mwenye kuua ataulizwa, duniani na akhera. Lakini hukumu yake haimrudishi aliyekufa, wala haimzuii mdogo wa marehemu anayenoa panga uani.

Na akisema: "Vipi ataaminiwa mtu aliyekuwa mwizi na muuaji kuwa msuluhishi?" Jawabu ni kuwa toba ina mlango, na Khalid bin Walid alikuwa katika jeshi la Makureshi siku ya Uhud. Ila achunguzwe, asimamiwe, asiachwe peke yake. Na atakayerejea ubaya atolewe.

Na akisema: "Mkono mkali ndio dawa, mwizi na achomwe moto watu waone." Huyu amekuwa yeye ndiye maradhi. Watoto waliosimama kutazama mtu akiteketezwa njiani hawakujifunza kuwa wizi ni mbaya; wamejifunza kuwa kuua ni kwepesi, na kuwa watu wengi wakiua pamoja hapana mwenye dhambi. Na mara ngapi ameuawa asiyeiba!

Mtume alifundisha ya kuwa Muislamu amnusuru nduguye akiwa ni mwenye kudhulumiwa au mwenye kudhulumu. Na alipoulizwa vipi atanusuriwa mwenye kudhulumu, alijibu ya kuwa ni kwa kuzuiwa asidhulumu. Basi yule anayekaa usiku kucha na kijana mwenye ghadhabu amewanusuru wawili: aliyekuwa auawe, na aliyekuwa aue.

8. YALIYO KARIBU

Katika mwaka wa 1997, mwezi wa Agosti, Likoni ilivamiwa na watu wenye silaha. Wakauawa askari na raia, na watu wa bara kwa makumi ya maelfu wakahama makwao. Kulikuwa na manung'uniko ya kweli ya ardhi na ya kazi, na wakawapo wachochezi waliojua kuyatumia wakati wa uchaguzi. Dhulma ikawa kuni, na fitina ikawa moto. Waliokufa hawakuwa ndio waliochukua ardhi.

Na tangu miaka ya 2010 pande za Kisauni, Likoni na Mji wa Kale wa Mombasa zimesumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga, na baadhi yao ni watoto wasiotimiza miaka 18. Kila mara shambulio litokeapo, husemwa: "Askari waongezwe." Waongezwe, lakini yako mambo ambayo askari hawezi, na mzee wa mtaa aweza.

Kwanza, mtaa uwe na hesabu yake. Ni njia gani watu hukatwa, saa gani, siku gani? Mwenye zahanati, mwenye duka na imamu wa msikiti kila mmoja ana kipande cha khabari. Vikiunganishwa, huwa ramani.

Pili, wachaguliwe wazuizi wachache wanaosikilizwa na vijana wenyewe. Mwenye kilemba kikubwa si lazima awe ndiye. Hwenda akawa ni kuli, au mvuvi, au aliyerudi kutoka gerezani. Siku zao kubwa ni tatu za matanga, kwani hapo ndipo kisasi hupikwa, waombolezaji wakiwa barazani na vijana wako nyuma ya nyumba.

Tatu, baba asingoje kuletewa khabari za mwanawe na watu. Kijana alalaye mchana na kutoka usiku, mwenye fedha isiyo na asili, ni mgonjwa aliyekwisha onyesha dalili. Wapo wazee wanaouliza mbuzi wao wamelala wapi, na watoto wao hawawaulizi.

Nne, mifereji ijengwe. Wakfu na zaka zina mafungu yake. Basi pawepo vijana watakaolipiwa mafunzo kwa seremala, kwa fundi wa umeme, kwa mshona matanga. Waliotumia unga watafutiwe tiba, wasitupwe. Na wazee waidai haki ya ardhi na ya kazi kwa njia ya sheria, kwa sauti moja na bila kuchoka, ili mchochezi asikute kuni kavu.

KHATIMA

Katika hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume alizifuta damu zote za zama za ujahili zilizokuwa zikidaiwa. Na damu ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya mtoto wa jamaa yake mwenyewe, mwana wa Rabia bin Harith. Hakuanza na deni la mtu mwingine. Hapa pana funzo kwa kila mwenye kutaka kusuluhisha: aanze na kisasi kilicho katika nyumba yake.

Basi atakayesikia usiku wa leo ya kuwa kijana fulani ameapa, asiseme ngoja kupambazuke. Avae viatu vyake aende. Na kukisha kupambazuka, aulize kijana yule alinyimwa nini. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.

MASWALI YA MAFUNZO

1. Kwa nini kipindupindu cha mwaka wa 1866 kiliwapiga watu wa mashariki ya London zaidi ya wengine?
2. Taja njia nne ambazo jeuri huambukiza, na mfano wa kila moja katika mtaa wako.
3. Nini tofauti ya sulhu ya kwanza na sulhu ya pili?
4. Hesabu ya Cali na ya Cardiff iliwasahihisha watu katika dhana gani?
5. Ni nani katika mtaa wako aliye na sauti kwa vijana wenye ghadhabu, na nani amepata kumwendea?